Kutoka WSC hadi kiti cha Kamanda wa Jeshi la Wanahewa: jibu langu kwa mama aliyeuliza kuhusu binti yake

Wanajamvi, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa walionitangulia umri.

Dada yetu aliyeanzisha uzi huu ameuliza jambo ambalo sikuweza kulipita kimya. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amepata C+, na anasema hataki kitu kingine isipokuwa jeshi. Je, huko kuna maisha ya mwanamke? Kabla hajajibiwa, kaka mmoja hapo juu akaandika kwamba asidanganyike na picha za Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, kwa maana mama huyo alikalishwa kwenye kiti cha Kamanda wa Jeshi la Wanahewa mwezi Mei 2024 ili serikali ionekane inawajali wanawake, na kwamba mtu ambaye njia yake haikuwa ya urubani hana lake katika jeshi la ndege. Wengine wakamuunga mkono, na swali la mama likasahaulika.

Nimelitumikia jeshi la Kenya miaka 24, kuanzia 1988 hadi 2012, nusu ya kwanza katika kikosi cha wanawake, Women's Service Corps, ambacho sote tulikiita WSC, na nusu ya pili katika Jeshi la Wanahewa, kwenye stoo ya vipuri vya ndege. Niliondoka nikiwa sajini. Sikuwahi kufanya kazi chini ya Meja Jenerali Fatuma wala simfahamu kwa karibu, kwa hiyo sitamsemea yaliyo moyoni mwake. Ninachokifahamu ni njia yenyewe, kwa sababu nilianzia pale pale alipoanzia yeye, ingawa yeye alikuwa afisa na mimi nilikuwa askari wa cheo cha chini kabisa.

Katika majibu yote niliyoyasoma hapa, kila mtu anataja mwaka 2024, wachache wanataja 2018, na hakuna hata mmoja aliyeutaja mwaka 1999, WSC ilipovunjwa. Kwangu mimi mwaka huo ndio wenye uzito kuliko yote mawili, na bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini Kenya ilikaa zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru bila kuwa na brigedia mwanamke hata mmoja.

WSC ilianzishwa mwaka 1971. Kabla ya hapo jeshi lilikuwa la wanaume, na lilipoamua kuwachukua wanawake halikuwaingiza katika vikosi vyake, bali liliwajengea nyumba yao pembeni. Tulikuwa na makurutu wetu, wakufunzi wetu, maafisa wetu na orodha yetu wenyewe ya kupandishwa vyeo. Kazi tulizopewa zilikuwa za ukarani, mawasiliano, udereva, uuguzi, stoo na jikoni. Hizo si kazi ndogo, na sitaki mtu azidharau, kwa kuwa jeshi lisilolishwa na lisilohesabu risasi zake haliwezi kupigana hata siku moja. Tatizo halikuwa kazi. Tatizo lilikuwa ngazi. Ngazi ya kikosi kidogo huwa na vipago vichache, na anayefika kipago cha juu hana pengine pa kukanyaga, hata awe hodari kiasi gani. Mwanamume aliyeajiriwa siku moja na wewe alikuwa na jeshi zima la kupandia. Wewe ulikuwa na kikosi kimoja.

Niliingia mwaka 1988 nikiwa na miaka 19. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli pale Voi, na gazeti lenye tangazo la usajili wa makurutu alilileta yeye mwenyewe nyumbani, akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akalikunja na kuliweka mezani mbele yangu bila kuongeza neno. Mama ndiye aliyesema usiku ule. Alisema msichana anayelala kambini harudi akaposwa, na kwamba yeye hatakuwa na jibu la kuwapa dada zake. Nilikwenda uwanjani Wundanyi huku nikijua kwamba nyumba imegawanyika kwa ajili yangu. Wavulana walikuwa mamia, sisi wasichana tulikuwa kikundi kilichoweza kukaa chini ya mwembe mmoja. Tulipimwa urefu na uzito, tukafunguliwa midomo meno yakaangaliwa moja moja, tukakimbizwa juani, na mwishoni tukachukuliwa wawili.

Siku ya kugawiwa vifaa nilisema uongo. Buti ndogo kuliko zote nilizoziona juu ya meza zilikuwa za saizi ya sita, mguu wangu ni wa saizi ya nne, na nilihofu kwamba nikisema kweli nitaambiwa sifai na kurudishwa kwetu. Nikasema sita. Kwa wiki kadhaa nilivaa soksi jozi mbili na kusindilia pamba penye vidole, mpaka mkufunzi wetu, koplo mwanamke, alipoona damu kwenye soksi zangu baada ya kwata ya asubuhi. Hakunikemea. Alinishika mkono hadi stoo, akamwambia mtunza stoo kwamba haondoki mlangoni pale bila buti za saizi ya nne, na kweli hakuondoka. Miezi ilipopita, tulipoulizwa kila mtu angependa kazi gani, mimi nilisema stoo, na wenzangu walishangaa kwa sababu wengi walitaka mawasiliano.

Waliotutangulia tangu miaka ya sabini walitusimulia kwamba katika siku zao kuolewa au kupata mimba kulikuwa sawa na kufungasha virago. Askari mwanamke alitakiwa achague kati ya gwanda na nyumba. Walikuwapo wanawake hodari walioondoka hivyo, wakiwa na mafunzo kamili na miaka ya uzoefu, na hakuna aliyehesabu jeshi lilipoteza kiasi gani. Nalitaja hili kwa sababu kaka yangu ameuliza, kwa haki kabisa, ikiwa wanawake wamekuwa jeshini tangu 1971, mbona majenerali wao hawaonekani. Majenerali hao waliondolewa wakiwa maluteni na makapteni. Aliyelazimishwa kuondoka na miaka 26 hawezi kuwa brigedia na miaka 50.

Meja Jenerali Fatuma aliingia jeshini mwaka 1983, katika WSC hiyo hiyo. Tuukumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, na baada ya kushindwa kwao jeshi hilo lilivunjwa, likawekwa chini ya usimamizi wa Jeshi la Nchi Kavu, na hata jina lake likabadilishwa. Halikurudishiwa jina na hadhi yake ya zamani hadi 1994. Nilipoingia mimi miaka michache baadaye, watu walikuwa bado wanazungumza kwa sauti ya chini kuhusu mambo yale, na wazazi wengi walihofia kupeleka watoto jeshini, sembuse binti. Kwamba msichana alijiunga mwaka mmoja baada ya maasi yale, kisha akaja kuliongoza jeshi lilelile siku lilipotimiza miaka 60, kwa maana lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964, ni jambo ambalo mimi binafsi sikuliota.

Mwaka 1999 WSC ilivunjwa, na askari wake wakagawanywa katika Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji. Kwenye karatasi ilikuwa amri fupi ya utawala. Kwetu sisi ilikuwa kama kuhamishwa ukoo. Wapo waliolia, na sitawaita wajinga, kwa sababu WSC ilikuwa nyumba tuliyoifahamu, na ndani yake mwanamke hakutazamwa kama mgeni. Huko tulikokuwa tunapelekwa hatukujua kama tutapewa kazi au tutawekwa kwenye kona tupike chai. Wakubwa wetu kwa umri ndio walioogopa zaidi, kwa kuwa walikuwa wameshajenga heshima yao mahali pale, na sasa walitakiwa waanze kuijenga upya mbele ya wanaume ambao hawakuwahi kupokea amri ya mwanamke.

Nilipangiwa kambi ya Laikipia, pale Nanyuki, zilipo ndege za kivita za F-5. Siku ya kwanza kuingia stoo ile nilielewa kwamba sikujua kitu. Stoo ya nguo na masufuria, niliyoizoea, inakusamehe ukikosea. Stoo ya ndege haisamehi. Kila kipuri kina nambari yake ya aina, na vingi vina nambari ya pekee pia, kiasi kwamba ukiitoa pampu hii badala ya ile iliyo pembeni yake, inayofanana nayo kama pacha, umeharibu kumbukumbu ya ndege nzima. Vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje vina tarehe ya mwisho, hata kama havijawahi kutoka kwenye mfuko wake, kwa sababu mpira huzeeka ukiwa umelala. Matairi yana utaratibu wake wa kuhifadhiwa, mitungi ya oksijeni ina wake. Parafujo moja isiyo sahihi inaweza kumwangusha rubani. Sajini mmoja mwandamizi, mzee wa Kitui aliyekaribia kustaafu, alinikalisha kila jioni kwa miezi akinisomesha kadi moja baada ya nyingine, na kauli yake ilikuwa kwamba rubani hatamjua aliyemtolea kipuri, ila maisha yake ameyaacha mkononi mwake. Mzee yule hakuwahi hata siku moja kunitajia kwamba mimi ni mwanamke.

Hapa ndipo ninapotaka kumjibu kaka aliyesema kuwa asiye rubani hana lake. Marehemu Jenerali Francis Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, na aliliongoza Jeshi la Wanahewa kuanzia 2018, kabla hajawa Mkuu wa Majeshi na kabla ya ajali ya helikopta ya tarehe 18 Aprili 2024 iliyotutoa machozi sote. Hakuna anayepunguza thamani ya njia yake. Lakini ndege moja inapokuwa angani saa moja, kuna mafundi, watu wa mafuta, watu wa rada, watabiri wa hali ya hewa, wazimamoto, madaktari, makarani wa mishahara na watunza stoo walioifanyia kazi kwa siku nyingi. Mwaka 2018 Meja Jenerali Fatuma alipewa kazi ya Msaidizi wa Mkuu wa Majeshi anayeshughulikia wafanyakazi na uchukuzi wa vifaa katika Makao Makuu ya Ulinzi. Kazi hiyo ni ya majeshi yote matatu: nani aajiriwe, nani apelekwe wapi, nani aende kozi ipi, vitu vitoke wapi vifike vipi. Mtu aliyebeba hayo kwa majeshi yote kwa miaka mingi ameona Jeshi la Wanahewa kutoka upande ambao rubani pengine hauoni mpaka awe na mvi. Nimekaa katika stoo ambazo ndege zilisimama chini kwa wiki nzima, marubani wakiwa tayari kabisa, kwa sababu kipuri kimoja hakikuagizwa kwa wakati. Ukishaona hilo, huwezi tena kusema kwamba mtu wa vifaa ni wa kubebwa.

Kuhusu hoja ya kwamba alipewa kwa sababu ya jinsia, naomba tuhesabu pamoja. Jenerali Ogolla alijiunga na jeshi Aprili 1984, mwaka mmoja hivi baada ya Fatuma. Wote wawili walipandishwa kuwa meja jenerali katika mabadiliko ya Julai 2018, chini ya Rais Uhuru Kenyatta. Ogolla akachukua uongozi wa Jeshi la Wanahewa mwezi huo, na Fatuma akapelekwa makao makuu, kisha akaufikia uongozi wa jeshi hilohilo miaka sita baadaye, alipoteuliwa na Rais William Ruto. Tangu 1983 hadi alipokuwa brigedia mwaka 2015 ni miaka 32. Tangu 1983 hadi kiti cha kamanda ni miaka 41. Anayebebwa habebwi kwa mwendo huo.

Nakubali, na sitaki kuficha, kwamba Katiba ya 2010 ilibadilisha macho ya wanaotia sahihi. Ibara ya 27 inataka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa, na tangu siku hiyo kila mkubwa aliyeandika orodha ya uteuzi alijua kwamba ataulizwa. Sheria hiyo ilisaidia, na ninashukuru ilisaidia. Ila jeshi halifanani na bodi ya shirika. Huwezi kumchukua mwanamke hodari kutoka chuo kikuu au benki ukamvika nyota na panga za meja jenerali. Brigedia anatoka kwa kanali, kanali anatoka kwa luteni kanali, na kila hatua ina miaka yake ya kukaa, kozi zake, na ripoti za wakubwa zisizofutika. Katiba ya 2010 isingeweza kumtengeneza brigedia wa 2015 kama 1983 asingeajiriwa msichana, kama 1999 kikosi cha pembeni kisingevunjwa, na kama msichana huyo asingevumilia katika miaka yote ile ambayo hakuna gazeti lililomtafuta.

Nikitaja kozi, nalazimika kusimulia la kwangu, kwa sababu ndilo lililonifundisha jinsi mwanamke anavyoachwa nyuma bila mtu yeyote kumwambia hafai. Jeshini hupandi cheo bila kozi ya kupandia. Katika kituo kimoja nilichohamishiwa baadaye, ambacho sitakitaja, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kozi ya usajini. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Mkubwa wangu wa wakati huo aliliondoa jina langu, na aliponiita kunieleza alizungumza kwa upole, akasema amenionea huruma kwa sababu ninanyonyesha, nitakwenda mwakani. Hakuniuliza. Mama yangu, yule aliyepinga nisiende jeshini, alikuwa ameshasafiri kutoka Voi na mkoba wake, tayari kukaa na mtoto kwa muda wote wa kozi. Mwakani orodha ilikuwa ya watu wengine, na mwaka uliofuata pia. Nilipata kozi ile miaka mitatu baadaye, na wenzangu wa kiume tuliokuwa sawa walikuwa wameshanipita cheo. Kwenye faili langu hakuna mahali palipoandikwa kwamba nilinyimwa kitu, na mtu akilisoma leo ataona tu kwamba nilichelewa.

Miaka mitatu kwa askari wa stoo ni tofauti ya mshahara na ya pensheni. Kwa afisa anayepanda kuelekea ukanali, miaka mitatu inaweza kuwa tofauti ya kufika na kustaafu njiani, kwa kuwa kila cheo kina umri wake wa kustaafu na saa haimngojei mtu. Ndiyo maana, kila ninapoona picha ya mwanamke mwenye cheo kikubwa jeshini, hapa kwetu au Uganda, ambako Proscovia Nalweyiso aliyetoka msituni katika vita vya Luwero alifika cheo cha luteni jenerali, mimi huwa nawaza kwanza ni orodha ngapi za kozi zilizopita mbele yake na ni nani alikaa na watoto wake.

Habari ya ubrigedia mwaka 2015 niliisikia redioni nikiwa nimeshastaafu, nikichambua mahindi uani. Simu yangu haikunyamaza hadi usiku. Walikuwa wanawake wa WSC, wengine hatukuwa tumezungumza kwa miaka kumi, na karibu kila mmoja alianza na maneno yaleyale: umesikia? Mmoja, ambaye aliondoka jeshini zamani kwa sababu ya ndoa, alikaa kwenye simu kimya kwa muda, kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa namba moja kwa kulenga shabaha katika kundi lao. Sikujua nimjibu nini, na hata sasa sijui.

Sasa nimgeukie mama mwenye swali, maana yeye ndiye mwenye uzi.

Dada yangu, maisha ya mwanamke jeshini yapo, na leo ni mapana kuliko tuliyoyakuta sisi. Wanawake wamepelekwa nje kulinda amani. Meja Steplyne Nyaboga, Mkenya aliyekuwa Darfur, alitunukiwa na Umoja wa Mataifa tuzo ya mtetezi bora wa jinsia miongoni mwa wanajeshi kwa mwaka 2020. Wapo wanaorusha ndege, wapo wahandisi, wapo kwenye meli. Lakini usimpeleke binti kwa sababu ya picha. Mpeleke, au mzuie, kwa kujua mambo mawili ambayo mimi nilitamani mtu angemweleza baba yangu.

La kwanza ni mlango. Kuna mlango wa makurutu na kuna mlango wa makadeti wanaosomea uafisa kule Lanet, Nakuru. Vijana wengi huenda uwanjani kwa sababu uwanja uko karibu na nyumbani, hawajui kwamba mlango wa kuingilia ndio unaoamua ngazi utakayoipanda. Mimi niliingia mlango wa makurutu na nikawa sajini, na sijutii, ila sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba kuna mwingine. Binti yako ana C+. Kabla hajaenda uwanjani, lisomeni tangazo la makadeti neno kwa neno, muangalie alama za somo mojamoja ambazo zinatakiwa, na kama anafikia, aombe huko kwanza. Kama hafikii, tazameni nafasi za wenye ufundi, maana mwenye cheti cha ufundi hukubaliwa hadi umri mkubwa kidogo kuliko kurutu wa kawaida. Kurutu wa kawaida huwa wa miaka 18 hadi 26, kwa hiyo kama ana 18 au 19 hakuna haraka. Anaweza kusomea ufundi kwanza kisha aje na cheti mkononi.

La pili ni mwili na karatasi. Matangazo ya miaka yote niliyoyaona yamedai urefu usiopungua mita 1.60, na kwa wasichana uzito usiopungua kilo 50, na msichana asiwe mjamzito siku ya usajili wala wakati wote wa mafunzo. Kilo 50 zimewarudisha nyumbani wasichana wengi wenye afya njema, kwa hiyo mpime leo, msingoje wiki ya usajili. Meno yakaguliwe mapema. Aanze kukimbia alfajiri, si mara moja kwa wiki, na akimbie akiwa na viatu vyake alivyovizoea.

Na usitoe pesa kwa mtu yeyote. Usajili ni bure. Kila msimu husikika habari za vijana waliofika kwenye lango la shule ya makurutu Eldoret na barua nzuri zenye mihuri, walizouziwa kwa mamia ya maelfu, ambazo hazikuwa barua, na badala ya mafunzo wakajikuta mikononi mwa polisi. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba. Anayekuambia ana mjomba makao makuu anakuibia, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu au msikitini kwenu.

Kuhusu ndoa na watoto, ambayo najua umeiuliza kwa sitara: hatatakiwa kuchagua kama walivyotakiwa wale wa miaka ya sabini. Niliolewa nikiwa kazini, nilizaa watatu nikiwa kazini. Kitakachohitajika ni mtu wa kukaa na mtoto atakapoitwa kozi, na mtu huyo, dada, huenda akawa wewe. Mama yangu alikuja na mkoba wake mara ya pili, miaka mitatu baada ya mara ile ya kwanza, na safari hiyo sikungoja kuulizwa. Jina langu lilipobandikwa nilikwenda mwenyewe kwa mkubwa kabla hajaniita, nikamwambia kwamba mtoto ana wa kukaa naye. Mwambie binti yako awahi kusema hivyo.

Akiitwa, andika hapa, nami nitakutumia orodha ya vitu vya kubeba na vya kuacha. Na siku ya vifaa, akiulizwa saizi ya buti, aitaje ya kweli.